Maneno Yaliyoangukia Nyuma

Usingizi wa jana uliponichukua tu, niliota nimefika wa kwanza kwenye njia panda. Hilo peke yake si ajabu. Hata nikiwa macho mimi hufika wa kwanza, na kufika wa kwanza maana yake ni kufika mahali ambapo hakuna mtu.

Nieleze kidogo, msije mkaniona kichaa kabla ya wakati. Naitwa Shemboza, nauza mbegu na dawa za mboga Lushoto mjini. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka tisa, nimekuwa nikipanda baiskeli msituni na Kaoneka, fundi seremala. Mimi mwepesi, yeye mzito. Kwenye kila njia panda mimi hushusha mguu mmoja, hunywa maji, hupumzika na kumngoja, kama sheria za baiskeli za mlimani zinavyotaka: wa mbele amngoje wa nyuma asije akapotea. Nikiiona helmeti yake nyekundu ikichomoza kwenye kona, basi, amefika, nami naondoka. Sheria nimeitimiza. Miaka tisa ilipita bila mimi kujiuliza mwenzangu alikuwa akipumzika wapi.

Sasa Jumamosi tano zimepita hajaja. Hatukugombana. Simu sikupiga, nilisema moyoni atanitafuta mwenyewe, kwani mimi ni mke wake? Mke sina mimi, mama yangu alifariki mwaka juzi, na watu ninaozungumza nao wiki nzima ni wateja wanaotaka kujua kama mbegu za karoti zimefika. Jumamosi hizo tano nilipanda peke yangu, nikafika wa kwanza, nikangoja kwa mazoea, nikarudi. Nilikuwa mpweke na sikutaka kukiri.

Basi, ndotoni niko njia panda. Ni mchana, ukungu umeshuka hadi mabegani. Ubao wa sheria uliopigiliwa kwenye mti wa mkamfa unajikohoza.

"Mmefika wangapi?" unauliza.

"Mmoja."

"Na wengine?"

"Hakuna wengine."

Ubao unajaribu kusoma maandishi yake wenyewe, kwa shida, kwa kuwa maandishi yako mbele na macho yake yako nyuma. Unasema kwa hesabu yake kuna mmoja bado yuko njiani, na mpaka afike mimi siruhusiwi kuondoka. Nasema sawa. Nangoja. Nangoja mpaka mvua za vuli zinakuja na kuondoka, mpaka mbegu zilizosahaulika mfukoni mwangu zinaota na mmea mmoja unanifikia kiunoni. Ubao unaniuliza kama nimekula. Nauambia nimekula jana. Wenyewe unasema jana ni mbali.

Hatimaye kwenye kona inachomoza helmeti nyekundu. Ni helmeti tu, chini yake hakuna kichwa, kwa kuwa mwenyewe bado hajamaliza kona. Papo hapo miguu yangu inaanza kukanyaga.

"Unakwenda wapi?" ubao unauliza.

"Amefika."

"Imefika kofia," unasema ubao, lakini mimi nimeshabadili gia na sauti yake inabaki nyuma.

Napanda. Mlima ni ule ule wa siku zote, ila umeongezwa urefu na mtu asiyejali. Mbele yangu inateremka baiskeli isiyo na mwendeshaji. Inaponiona inafunga breki, inasogea pembeni kwenye majani na kuniamkia kwa kengele. Ni baiskeli yenye adabu zake, ya makamo hivi.

"Anayeshuka humpa njia anayepanda," inasema. "Subiri kidogo nikupe."

Inaanza kuikunja njia. Inaikunja kuanzia juu kileleni, pamoja na mizizi na mawe yake, kama mtu anayekunja mkeka baada ya wageni kuondoka. Siafu waliokuwa wakivuka wanalalamika, inawaomba radhi, inaendelea. Ikimaliza ya juu inakwenda kukunja na ya chini, yote, hadi bondeni. Inanikabidhi robota zima.

"Weka sahihi hapa," inasema, ikinionyesha tandiko lake.

Naweka sahihi. Nashukuru. Njia ni nzito na inanuka tope. Naibana kwapani, nakanyaga pedeli, ndipo natambua gurudumu halina pa kukanyaga. Nainua uso niiulize baiskeli yenye adabu sasa nipite wapi, na mbele yangu ni kaunta.

Ni ofisi. Ina dari ya mbao, kalenda ya mwaka uliopita na benchi refu lisilo na mtu. Nyuma ya kaunta amekaa kinyonga mwenye kitambulisho shingoni. Jicho lake moja linanitazama mimi, jingine linatazama mlangoni kama kuna anayekuja nyuma yangu. Hakuna.

"Umepoteza nini?" ananiuliza.

"Sijapoteza kitu. Mimi hukaa mbele. Wanaopoteza ni wa nyuma."

"Ndiyo hivyo hivyo," anasema. "Hapa tunatunza yaliyosemwa nyuma yakaanguka kabla ya kumfikia wa mbele. Jina?"

Nataja jina. Anashuka kwenye kiti. Anainua mguu wa kwanza, anaufikiria, anauweka. Anainua wa pili. Stoo iko hatua kumi kutoka kwenye kaunta na naona wazi atafika wakati wa mavuno. Mimi na subira hatujawahi kula sahani moja, kwa hiyo nasema "Kushoto," kama inavyompasa mtu anayetaka kupita, nasogea kumpita.

Kinyonga hageuki. Jicho lake moja tu ndilo linalogeuka.

"Aliye mbele ndiye anayechagua pa kumpisha mwenzake," anasema. "Mimi sijapaona bado. Na usinibane na gurudumu lako, unanitia wasiwasi."

Nabaki nyuma. Namfuata hatua kwa hatua, njia imebanwa kwapani. Mwanzoni nachemka. Baadaye naanza kuona vitu: utando wa buibui kwenye kona ya kalenda, msumari uliopinda, sakafu ambayo mtu ameipiga randa vizuri sana hadi haina hata kibanzi. Sikuwahi kumfuata mtu kwa mwendo wake. Tunafika stoo na mimi sina haraka tena, jambo ambalo linanitisha kidogo.

Stoo imejaa magunia. Yote yameandikwa jina langu kwa mkaa.

"Haya yote?"

"Miaka tisa," anasema kinyonga. "Na huyo wa kwako si msemaji sana."

Anafungua la kwanza. Maneno yamekauka, lakini ukiyaweka kiganjani yanapata joto na kusema. Linatoka neno la kwanza kwa sauti ya Kaoneka, anahema: tazama mbega kule juu, amebeba mtoto. La pili linasema cheni yangu inalia. Jingine linaniuliza kama nami nasikia harufu ya mvua. Mengine ni vicheko vitupu. Alicheka peke yake kule nyuma, sijui alicheka nini, na hakuna wa kumwuliza. Natia mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa konzi nzima, na konzi nzima inasema Shemboza, Shemboza, Shemboza, kila moja kwa pumzi yake, kutoka kila mlima tuliowahi kupanda.

Kwenye gunia la mwaka wa sita napata moja refu. Linasema leo binti yangu ametimiza miaka saba, amepika chapati na mama yake, amenifungia mbili, moja ni yako.

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa kileleni dakika ishirini kabla yake, nikala biskuti zangu huku nimempa mgongo. Helmeti ilipochomoza nikaondoka.

"Chapati yangu aliila nani?" nauliza.

"Chakula hatutunzi," anasema kinyonga. "Maneno tu."

Naona haya. Nayasema wazi kwa kuwa ndotoni hakuna wa kumficha: naona haya mpaka masikio yanawaka. Nilidhani nilikuwa napanda na rafiki. Kumbe rafiki alikuwa anapanda na mgongo wangu.

Kwenye rafu ya mwisho kuna kifurushi kidogo, si kikubwa kuliko pakiti ya mbegu za sukumawiki. Ni cha Jumamosi ile ya mwisho aliyokuja. Nanyosha mkono. Kinyonga anakifunika kwa mkia.

"Hiki hapewi mtu anayeondoka."

"Siondoki. Niko hapa."

"Una mguu mmoja kwenye pedeli."

Natazama. Ni kweli. Baiskeli iko chini yangu, humo humo stoo, mguu wa kushoto uko sakafuni na wa kulia uko kwenye pedeli, umeinuliwa tayari, kama nilivyosimama kwenye kila njia panda ya maisha yangu. Najaribu kuutoa. Hautoki. Namwomba pedeli aniachie. Pedeli anasema yeye hajamshika mtu, mguu ndio uliozoea, na yeye ana kazi zake.

Nauvuta kwa mikono miwili. Kinyonga anangoja bila kuniharakisha. Nadhani huyo ndiye mtu wa kwanza kuningoja tangu mama alipofariki. Mwishowe mguu unatoka na mimi nasimama sakafuni kwa miguu yote miwili, nikiyumba, mtu mzima na miaka yangu arobaini na mbili.

Ananipa kifurushi. Nakifungua. Sauti ni ya chini, imekatwakatwa na pumzi, na nyuma yake nasikia gurudumu langu mwenyewe likizidi kwenda mbali.

"Shemboza, jana nilikwenda kwa daktari. Kasema moyo umetanuka. Kasema nipande taratibu sana, au niache kabisa. Sijamwambia mtu, nimeona nikuambie wewe kwanza."

Halafu kipande kidogo kilichobaki chini ya kifurushi: "Haya, nenda tu."

Namwuliza kinyonga yuko wapi sasa huyo aliyeyasema. Anasema yuko kule kule, chini ya mlima, amekwama.

"Amekwama na nini?"

Kinyonga ananyosha kidole kwenye kwapa langu. "Njia unayo wewe."

Nakimbilia mlangoni. Nje ni mteremko mtupu wa majani, hakuna hata alama ya tairi, na kule chini bondeni kabisa kuna kitone chekundu kimesimama. Natupa robota chini na kuanza kuikunjua njia. Inakunjuka kwa shida, imeshika umbo la kwapa. Siafu wanauliza safari hii ni ya moja kwa moja au kuna kukunjwa tena. Nasukuma kwa magoti, nasukuma kwa kifua, mzizi baada ya mzizi, nikiita Kaoneka, Kaoneka, na kila ninapoita jina linadondoka mbele ya pua yangu, halifiki popote. Sasa najua inakuwaje. Njia imebakiza hatua mbili hivi kumfikia. Anainua uso. Nafungua mdomo nimwambie jambo.

Nikazinduka. Jua limeshaingia dirishani, majogoo wa jirani wamemaliza zamu yao. Nilikaa kitandani nikajiambia ni ndoto, Shemboza, ni yale maharage ya jana usiku. Nikaenda kunawa uso. Nikarudi, nikachukua simu, nikaweka chini, nikachukua tena.

Kaoneka alipokea baada ya simu kuita mara nyingi. Alikuwa kazini tayari. Nilisikia randa ikipita kwenye ubao, taratibu, mapumziko, taratibu. Nilimsalimu. Naye akanisalimu kama mtu anayemsalimu mteja. Sikujua pa kuanzia, nikaropoka lililokuwa mdomoni: kwamba kama daktari alisema apande taratibu, basi tupande taratibu, Jumamosi yeye atakaa mbele na mimi nitakaa nyuma yake, na akichoka tunashuka wote tunakaa chini, hata ikituchukua kutwa nzima.

Randa ikasimama.

"Nani kakwambia habari za daktari?"

Nilimwuliza kama huenda mkewe alizitaja kwa mtu.

"Mke wangu hajui," alisema. "Nyumbani hakuna anayejua." Akahema, nami safari hii sikuondoka. Nilisimama kwa miguu miwili katikati ya chumba, simu sikioni, nikamngoja mpaka akapata pumzi.

"Nilimwambia mtu mmoja tu, bwana Shemboza," alisema. "Siku ile tunapanda. Na hakugeuka."