Njia ya Kuzunguka

Abiria wakiona kwenye kiskrini kwamba ndege inakunja kwenda baharini badala ya kunyoosha, humlaumu rubani. Masikini rubani wa watu! Njia hupangwa chini, ofisini, na mtu aliyekaa mbele ya ramani na chai iliyopoa. Siku ile alikuwa Dada Ramani, jina alilobandikwa na wenzake, na kati ya abiria alikuwemo mdogo wake wa mwisho, Kitinda, anarudi kumwona mama yao aliyelazwa mahututi.

Ofisi ile ina mwiko mmoja: mwenye ndugu kwenye ndege humwachia mwenzake safari hiyo. Dada Ramani akauchuna, asimwambie mtu. Alitaka ampangie mdogo wake yeye mwenyewe, amtafutie upepo wa kumsukuma mgongoni, amfikishe upesi. Mama alikuwa hali wala hanywi, na neno lake lilikuwa moja tu: Kitinda kafika wapi?

Kabla ndege haijaruka, ikaja taarifa kwamba nchi mbili zilizo njiani zimeanza kurushiana makombora. Anga ikafungwa, ukabaki ujia mwembamba pembeni ambao bado uliruhusiwa. Kwa kupita hapo, Kitinda angefika asubuhi. Kwa kuzunguka baharini na kutua mahali kuongeza mafuta, angefika jioni. Msimamizi akasema uamuzi ni wa mpangaji wa njia.

Hapo ndipo moyo ulipomponza, jamani. Wangekuwemo wageni watupu, angesoma taarifa za usalama kwa macho makavu na kuupitisha ujia ule, kama alivyofanya mara nyingi. Lakini kila alipoutazama alimwona mdogo wake kwenye kiti cha dirishani. Akachora njia ya kuzunguka, akatia saini. Zamu ilipokwisha akaenda hospitali kumwambia mama avumilie kidogo.

Mama alivumilia asubuhi nzima. Mlango wa wodi ukilia, aligeuza shingo. Akiingia muuguzi, aliirudisha. Mchana aliuliza, "Bado tu?" Dada Ramani akamwambia yuko njiani. Mama akasema basi, atamngoja. Alikata roho kabla ya alasiri, macho yakiwa mlangoni, na binti yake akalia mpaka sauti ikakauka.

Jioni alimpokea Kitinda uwanjani na kumchukulia sanduku. Hakuhitaji kumwambia kitu, uso ulikuwa umeshasema. Kitinda alisimama katikati ya njia, watu wakimpita kulia na kushoto. Kisha akauliza kama mama alimtaja, akajibiwa kwamba hakumtaja mwingine.

"Kuna ndege ya kampuni nyingine iliondoka pamoja na yetu," akasema. "Ilipita moja kwa moja. Watu wake wako majumbani kwao tangu asubuhi."

Dada Ramani alijua. Aliifuatilia kwenye simu pale kando ya kitanda, ikaukata ujia ule mpaka mwisho bila hata mkwaruzo.

"Nani kapanga sisi tuzunguke?"

Angeweza kusingizia vita, au msimamizi. Alichoka.

"Mimi," alisema. "Kwa sababu ulikuwemo wewe."

Kitinda akalitoa sanduku lake mkononi mwa dada yake, taratibu, akatoka peke yake kutafuta teksi ya kumpeleka mochwari.