Besi Wawili, Noti Moja

...na noti yenyewe ni moja, moja tu jamani, tangu ule wimbo wa kale ulipoisha mpaka sasa ni hii hii, haipandi wala haishuki, eti ndiyo kazi aliyopewa Mervyn, mtu mzima na mvi zake, aliyeanza kuimba besi katika kanisa hili kabla hata huyo binti wa benchi la mbele hajazaliwa, Tamsin, mtunzi wa wimbo huu mpya, kakunja miguu juu ya benchi utadhani yuko sebuleni kwao, kalamu mdomoni, hata kichwa hainui, na sasa hivi tu, hapa hapa mazoezini, walikuwa kwenye ule wa kale, wa miaka mia nne na ushee, huo ndio wimbo, besi anatembea, anapanda, anajibizana na sauti ya tatu, mwishoni anatua kama mtu aliyefika kwake, na mtu akishafika kwake si umwache avue viatu, lakini wapi, Tamsin kaona pale pa kutua ndipo pa kuanzia, maneno yale yale ya Kilatini, besi waishikilie ile noti yao ya mwisho mpaka wimbo wake uishe, huku soprano na alto wakiutafuna ule wa kale vipande vipande juu ya vichwa vyao, na Imogen, mwongoza kwaya, akafurahi kama kaokota almasi, akaandika kwenye tangazo la tamasha la leo jioni, la kale na jipya kushikana mikono... kushikana mikono! Anayeshika ni Mervyn, tena anashika peke yake, maana huyu Godfrey hapa kushoto, mh, Godfrey na peremende zake za mnanaa, Godfrey na hicho kidude cha kumsaidia kusikia, kinachopiga mluzi sikioni akigeuza shingo, besi wa chini wamebaki wao wawili tu, wanapumua kwa zamu, huyu akivuta pumzi yule anashika, noti isikatike, Godfrey mwenyewe ndiye aliyemfundisha, enzi hizo Mervyn kijana wa nywele nyingi, usipumue ninapopumua mimi, bwana, tukipumua pamoja wasikilizaji wataona shimo, na leo mwalimu ndiye shimo...

"Besi, juu kidogo! Mnazama!" Imogen huyo, mkono mmoja unaongoza, wa pili kidole kimeelekezwa darini, panda, panda, kidole hakishuki, anasema mnazama, wengi, heshima tu hiyo, anamjua anayezama, si alimwambia mwenyewe, Alhamisi pale panapotundikwa makoti, "Mervyn, niambie ukweli, kati yenu wawili nani anaivuta ile noti chini? Nikisimama kule mbele siwatofautishi," naye hakumeza hata mate, "Godfrey. Masikio yale, si unajua tena," na Imogen akashusha pumzi, "Basi mwambie wewe, ni rafiki yako, kutoka kwangu itamuuma. Jumamosi kwenye chai, kabla watu hawajaanza kuingia. Ule mpya asiimbe, jioni nitamshusha mmoja wa sauti ya tatu mpokezane," na chai yenyewe ndiyo hii inakuja, mama wa jikoni keshaanza kugonganisha vikombe kule nyuma, biskuti zinapangwa, na Mervyn hajui aanzeje, Godfrey, rafiki yangu... Godfrey, unajua umri... na binti yake Godfrey anatoka Leeds na watoto wote kumsikiliza babu yao, kanunua viti vya mbele, tangu asubuhi mzee hana wimbo mwingine, "Mervyn bwana, wajukuu watanitambua kweli nikivaa tai?" jamani, na kwa nini iwe yeye, kwani Imogen analipwa kwa kazi gani, na yote haya kisa ni huyu binti na noti yake, wimbo wa kale ungesimama peke yake nani angekufa, ya kale ni dhahabu, nani anachukua dhahabu akaifunga kwenye waya, halafu juzi kawajia wao wawili, kijitu chembamba, "Naomba msiisukume noti, ninyi isikilizeni tu," kuisikiliza! Miaka yote ameimba, leo kaambiwa asikilize, afadhali angeambiwa akauze karanga... na kidole cha Imogen bado kiko juu, na pumzi inaisha, zamu yake sasa, avute... akavuta, kifua kikajaa, mdomo ukawa tayari, halafu kitu kikamjia, kibaya, akakijua kuwa ni kibaya na bado akakipenda, asirudi. Akae kimya tu. Aache shimo lionekane, kwaya nzima isikie Godfrey anavyobaki peke yake, basi hakutakuwa na haja ya kumwambia mtu chochote, shimo litasema.

Akafumba mdomo, akasubiri... na shimo halikuja. Noti ilikuwepo. Nyembamba, ya kizee, lakini imenyooka, tena pale pale ulipoiacha wimbo wa kale, na kidole cha Imogen kikashuka, loo, kikashuka chenyewe, mkono ukafunguka, na Tamsin kainua kichwa, kalamu katoa mdomoni, na kule juu soprano, waliokuwa wakikwaruzana na alto tangu mwanzo, wakapatana, vile vipande vikakaa mahali pake, na Mervyn akausikia ule wimbo wa kale, mzima, haukutupwa, umo ndani ya huu mpya, unatembea polepole juu ya noti hii moja, na yeye siku zote hizi hakuusikia kwa sababu... hapana. Bahati tu hiyo. Hebu arudi. Akarudi, kwa sauti yake ile ile ya kifua, na kidole kikapanda. Akanyamaza. Kikashuka. Mungu wangu. Nyani haoni kundule, na yeye kalionyesha la mwenzake kwa Imogen, bila kumeza mate, kwa nini hakumeza mate, hata dakika moja asijiulize, labda ni mimi... kiwiko kikamgusa ubavuni, polepole, Godfrey huyo, anaimba bila kugeuka, macho mbele, kiwiko tu, anadhani mwenzake amebanwa na pumzi, pumua bwana, mimi nipo, na Mervyn macho yakamchoma, atamwambia Imogen, chai ikifika tu, ni mimi, si yeye, nilikudanganya na mimi mwenyewe nilijidanganya, na leo jioni atakaa benchini na wajukuu wa watu, potelea mbali... lakini kiwiko kimerudi, mara hii kinasukuma, mabega ya Godfrey yanapanda, uso umeiva, noti inatetemeka ukingoni, mzee anaomba zamu yake ya kupumua, na wimbo bado una kurasa, na besi wa chini ni wao wawili tu, hakuna mwingine wa kumpokea, basi Mervyn akafungua mdomo, akaingia kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia, sikio lote kwa rafiki yake, na Godfrey akanyamaza avute pumzi, na hapo Mervyn akabaki peke yake na noti, hakuthubutu kuinua macho atazame kidole kiko wapi.