Yai Lililogeuzwa

Mpaka leo nikinusa mafuta ya nguruwe, yale tuliyomwagia chuma kinapokatwa, huinuka nikatoka nje. Kosa si la mafuta.

Karakana yetu pale mjini Worcester ilikuwa na misumeno mitatu ya kukatia chuma, yote na ugonjwa mmoja: ikisonga mbele inakata, ikirudi inaburuza meno na kuyala. Nils Ekblom, Mswidi tuliyekuwa naye meza moja, alihangaika na jambo hilo miezi minane, kila saa ya chakula, mkate mkono huu, tupa ya kusugulia chuma mkono ule. Mwisho akachonga chuma chenye umbo la yai, akakifunga kwenye mhimili. Msumeno ukirudi, yai linauinua kidogo tu. Ukisonga mbele, linaushusha. Tuliujaribu kutwa nzima, hata jino moja halikuisha.

"Orrin," akaniambia, "nikipata hataza, hati ya serikali kwamba uvumbuzi huu ni wangu, nakala moja naipeleka kwetu Eskilstuna kwa mzee wangu. Mhunzi yule aliapa sitafika popote."

"Basi aanze kutafuta kiapo kingine!"

Bosi wetu, Bwana Pettengill, mtu asiyejua kushika hata tupa, akasema wakili wake atamwandikia Nils maombi. Akaomba mchoro, Nils akampa. Bosi akampigapiga begani kwa mkono laini wenye pete. Sikuupenda mkono ule.

Baada ya wiki mbili akaniita ofisini. Mchoro wa wakili ulikuwa mezani. Sheria ilitaka mashahidi wawili watie sahihi pembeni chini, na karani alikwisha tia yake.

"Haya fundi, wewe ndiye jicho letu. Uko sawa huo?"

Fundi hasomi maneno, anasoma mistari. Ndiyo maradhi yetu. Nikafuata mhimili, nikafika kwenye yai, nikacheka.

"Hapa mmechemsha, bosi. Yai limegeuzwa. Litauinua msumeno wakati wa kukata!"

Mchoraji akaitwa, akachora upya nikiwa nimemsimamia. Nikatia sahihi kwa mwandiko wangu bora, nikatoka napiga mluzi.

Hataza ilitoka Machi. Pettengill akaibandika mlangoni mwa karakana. Mvumbuzi: Walter Pettengill. Nilitema mate chini.

"Mwizi asiye na haya! Nils, twende mahakamani. Nitaapa kuwa yai ni lako."

Nils hakugeuka. Alinyoosha kidole chini ya mchoro, kwenye jina langu. Upana wa kiganja kimoja tu kando yake, kwa herufi za kusomeka na kipofu, palikuwa na jina la Pettengill. Lilikuwapo siku ile ile nilipotia sahihi. Nilijichukia mpaka mdomo ukawa mchungu.

"Nilidhani maombi yale ni yako wewe. Sikusoma, ndugu yangu."

"Hilo lisingeniua," akasema. "Mtu yule nilimshuku zamani. Kwenye mchoro niliompa niligeuza yai makusudi, apate hataza ya msumeno usiokata, nami niombe ya kwangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa mdomo wako huo?" Hakucheka. "Sasa naona yai limekaa sawasawa. Nani alimsahihishia?"

Alipoondoa kidole, jina langu lilikuwa na doa la mafuta ya nguruwe.