Umesihi, Wallahi

Wanaosema kulea ni baraka tupu waje Usagara, Tanga, saa moja asubuhi, wasimame uani kwa Muzna, walisikilize lile bomba. Lilikuwa linamwaga maji tangu adhana ya alfajiri. Jua limeshatoka, swala haijaswaliwa, na Rahaf, binti yake wa miaka kumi na tatu, alikuwa anatia udhu kwa mara ya tisa. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka mpaka inatoa damu. Damu nayo ilimtia shaka, basi akaanza upya.

"Mama," akaita. "Umesihi?"

Yaani, udhu umekubalika, hauna kasoro? Mwaka mzima Muzna aliulizwa swali hilo, asubuhi, mchana na jioni, na jibu lilikuwa moja tu: "Umesihi, wallahi." Bila wallahi halikubaliki. Likisemwa harakaharaka halikubaliki. Likisemwa huku Muzna anageuza chapati, ndiyo kabisa, lirudiwe.

Leo hakujibu. Leo ulikuwa mtihani wa taifa wa darasa la saba. Geti la shule lingefungwa saa moja na nusu, na mwalimu mkuu alishasema wazi kwamba hatamsubiri mtoto wa mtu. Kwenye mtihani wa majaribio Rahaf alifika Hisabati imekwisha. Yeye, anayewafundisha wenzake sehemu na desimali! Akikosa na leo, miaka saba yote imekwenda na maji, na maji yenyewe ndiyo haya ya uani.

Mwanzoni hakuna aliyeona ugonjwa, na hilo ndilo lililomkera Muzna kuliko yote. Bibi Zuwena, mama mkwe wake, alijitapa kwa majirani: "Wenzake wanaruka kamba, mjukuu wangu yuko kwenye udhu. Huyo ana ucha Mungu." Muzna naye alijitapa, tusifichane. Mtoto alipoanza kukata swala katikati arudi bombani, ndipo wakampeleka kwa shekhe mmoja, akamwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mtoto anywe. Loo! Rahaf akanywa, kisha akaogopa kuosha kikombe, maana tone lenye jina la Mungu lingeingia mtaroni. Suuzo la kwanza akalitia kwenye chupa. La pili vilevile. Siku Muzna alipofagia chini ya kitanda alikuta chupa kumi na moja. Aliketi sakafuni akacheka, kisha akalia, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Turki, mumewe, alikuwa mpakani Horohoro na shehena zake wiki nzima, na kila akipiga simu ni yaleyale: "Mwambie asiwe na wasiwasi." Ebo! Kana kwamba wasiwasi ni kanga, unavuliwa unatundikwa kambani.

Hospitali ndiko walikomkuta Imakulata, muuguzi wa afya ya akili, mama wa Kikatoliki kutoka milima ya Lushoto, na msalaba wake mdogo shingoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema ugonjwa huu una jina na una tiba, na daktari akaandika vidonge. Kisha akamgeukia Muzna.

"Unamjibu mara ngapi kwa siku?"

"Nyingi. Ili atulie."

"Anatulia kwa muda gani?"

Muzna akapiga hesabu moyoni. Dakika mbili, tena siku njema.

"Kila wallahi yako ni ukuni, mama. Unauchochea moto kwa mapenzi. Punguza, kisha acha kabisa. Mwache awe na wasiwasi wake, aone unapanda na unashuka wenyewe."

Hasira zikampanda Muzna. Mtu hajatia udhu maishani mwake, leo anamfundisha yeye habari za udhu! Imakulata akayasoma hayo usoni mwake. "Hata kwetu wapo," akasema taratibu. "Wanaungama dhambi ileile mara tano kwa wiki, padri anawajua kwa viatu. Nenda kamuulize ustadhi wako." Ustadhi wa madrasa alipoulizwa, naye akajibu kwamba mwenye wasiwasi harudii udhu, yakini haiondolewi na shaka. Muzna alirudi nyumbani hana pa kukimbilia.

Wiki sita sasa. Majibu yalishuka kutoka kumi hadi matatu, kutoka matatu hadi moja, lakini si kila siku. Zipo siku alizochoka akajibu tu, walau apike. Na juzi, Mungu amsamehe, alimpiga mtoto kofi. Aibu ya kofi lile bado ilikuwa inamwasha kiganjani.

"Mama! Umesihi?"

Dirisha la jikoni likafunguka, Bibi Zuwena akachomoza kichwa. "Mjibu mtoto! Ana mtihani huyu. Neno moja tu, litakung'oa jino?"

"Shikamoo, mama. Nakuomba, na wewe usimjibu."

"Marahaba. Nitamjibu, ni damu yangu. Umesihi, mjukuu wangu, walla..."

"Mama!"

Miaka kumi na tano ya ndoa, Muzna hakuwahi kumpandishia mkwewe sauti. Yeye mwenyewe alishtuka. Lakini alishaanza, akamalizia. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Si ndivyo ulivyonifunza wewe, huyu alipokuwa anaota meno?"

Bibi Zuwena akabaki na nusu ya wallahi mdomoni.

Muzna akaiendea koki, akafunga maji. Rahaf akapiga yowe la kuamsha mtaa. "Sijamaliza mguu wa kushoto!"

"Huenda hujamaliza. Swali hivyohivyo."

Alimtandikia mswala palepale barazani, akasimama kando. Mtoto aliswali analia. Mara mbili alitazama bomba, lakini hakukata. Saa moja na robo walikuwa barabarani, sare imevaliwa, shungi limekaa upande, hakuna aliyenywa hata chai.

Walipofika penye msikiti, mabomba ya udhu yamejipanga ukutani, Rahaf akasita.

"Kama haukusihi?"

"Basi haukusihi."

"Na swala yangu?"

"Sijui, mwanangu."

Neno hilo lilimuuma Muzna kuliko kofi la juzi. Mama gani husema sijui asubuhi ya mtihani? Wallahi ilikuwa ulimini, tayari, tamu, na ingewafikisha shuleni bila machozi.

"Nina wasiwasi, mama."

"Kuwa nao. Twende nao. Ukae nao kwenye dawati, ufanye nao Hisabati."

Rahaf alimtazama kama anamtazama mama wa mtu mwingine. Akayatazama mabomba. Kisha akaunyanyua ule mguu wa kushoto, akaupeleka mbele, Muzna akamfuata nyuma hatua moja, hathubutu hata kumshika mkono.

Walifika zikiwa zimebaki dakika mbili. Mlinzi, mzee Laurenti, akamwingiza mtoto, akasubiri dakika zake zitimie, akafunga geti. Muzna akashika vyuma.

"Mzee Laurenti, ameketi?"

Laurenti akachungulia madirisha ya darasa upande wa pili wa uwanja. "Ameketi, mama. Dawati la pili, dirishani."

Muzna akashukuru. Hakuondoka. Labda ameomba ruhusa ya chooni. Chooni kuna bomba. Akishika lile bomba hatoki mpaka karatasi zikusanywe.

"Samahani, mzee wangu. Bado ameketi? Una hakika?"

Laurenti ni Mkristo, lakini kuishi Tanga ni kuishi Tanga. Akamhurumia, akatabasamu. "Ameketi, wallahi. Ondoa wasiwasi."

Moyo ukatulia. Yarabi, ulitulia vizuri! Muzna akavuta pumzi, akavuka barabara, na alipofika ng'ambo swali lilikuwa limesharudi, na sasa lina nguvu kuliko kwanza. Akageuka. Laurenti alikuwa anamtazama, mwema wa watu, jibu tayari mdomoni.

Muzna akaubana mdomo, akaenda zake nyumbani bila kuuliza, bila kujua.