Kibao cha Watembea kwa Miguu

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma wa Bweni la Twiga kwamba mimi, Evarist Mbwilo wa kidato cha tatu, nimeacha utundu kabisa. Tangazo hili litaanza kutumika kesho, baada ya chai.

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefungua mlango wa bweni ili niende msalani, nikatokea barabarani.

Wala sikushangaa. Ni barabara ileile ya mbele ya shule, wanakochimba mtaro wa maji ya mvua. Upande mmoja magari yanakimbia, upande mwingine kuna uzio wa mabati. Juu ya mtaro wameweka ubao mwembamba kama rula. Mbele ya ubao kuna kibao: WATEMBEA KWA MIGUU WAPITE HAPA. Chini ya kibao amekaa Koni, yule wa kuzuia magari barabarani, mwekundu, mwenye mistari myeupe. Amekunja nne, ingawa hana miguu.

"Onyesha miguu," ananiambia.

Naonyesha. Anaihesabu, kisha anarudia kuihesabu kwa ajili ya usalama. "Pita."

Kabla sijapita, akafika Bi Siwema, yule mama anayetushonea masweta ya shule. Bi Siwema ana mguu mmoja na magongo mawili. Alikuwa anahema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nipishe. Binti yangu yuko wodi ya wazazi hapo ng'ambo, uchungu umemshika, na nguo za mtoto ninazo mimi."

Koni akasimama. "Mama, soma kibao."

"Nimesoma. Si natembea?"

"Kimeandikwa miguu. Wewe una mguu."

"Na haya magongo?"

"Magongo si miguu. Yangekuwa miguu, yangevaa viatu."

Bi Siwema akavua kiatu chake, akalivalisha gongo. Koni akahesabu upya.

"Sasa mguu wako umekuwa gongo," akasema. "Hesabu ni ileile."

"Haya, baba, nipite wapi?"

"Kule kwenye magari. Kule hakuna kibao."

Lori la mchanga likapita. Upepo wake ukamyumbisha Bi Siwema, akanishika bega. Mimi hucheka hata msibani, lakini hapo sikucheka.

Nikamgeukia Kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, aliyekuwa anakunywa uji. Bwalo letu la chakula lilikuwa limehamia mtaroni bila kuaga, na kidato cha kwanza walikuwa wamepanga foleni juu ya kifusi, kila mmoja na kikombe chake.

"Mzee Kijiko, tuondolee hiki kibao."

"Mimi ni kijiko, kijana. Kazi yangu kuchota." Akachota.

Nikakisogelea kibao mwenyewe. Herufi zake zilikuwa za kubandika. Nikaingiza ukucha, nikakwangua herufi moja tu, ile I ya MIGUU. Ikabaki: WATEMBEA KWA M GUU WAPITE HAPA.

Koni anasoma. Anasoma tena. Mistari yake myeupe inatoka jasho.

"Sheria ni sheria," anatangaza. "Mama, karibu. Ninyi wengine wote, kunjeni mmoja!"

Umati wa watu wanaokwenda kazini unaanza kurukaruka. Bwana mmoja wa suti ndiye wa kwanza kuingia kwenye ubao. Anaruka mara moja, anayumba, anashika hewa, hewa haishikiki.

"Jamani! Huu ubao ni wa watu au wa kuku?"

"Na kamba ya kushikilia iko wapi?" anafoka muuguzi nyuma yake. "Mtu akidondoka humu je?"

"Mbona siku zote mnapita kimya?" Koni anauliza, kwa uchungu wa kweli.

"Siku zote tulikuwa na miguu miwili," anajibu yule bwana, akiwa ameukumbatia mkoba wake kama mtoto.

Kijiko akaweka uji chini. Akajilaza juu ya mtaro kama kijiko kinavyolazwa juu ya bakuli, mpana, imara, wala hatikisiki.

"Pita, mama," akasema. "Taratibu tu. Hakuna anayekukimbiza."

Bi Siwema akapita juu ya mgongo wake, gongo, mguu, gongo, mguu. Alipofika ng'ambo hakugeuka, na alikuwa na haki, maana mtoto alikuwa ameanza kulia. Akalia kwa nguvu sana, hadi akawa kengele ya kuamka.

Nikafumbua macho. Patroni wetu, Mwalimu Ngailo, amesimama kando ya kitanda.

"Mbwilo, msimamizi wa ujenzi yuko getini. Kibao chake kimeng'olewa herufi. Anasema amekisoma, akatii, akaruka kwa mguu mmoja, akatua mtaroni. Sasa anatafuta mbao pana mji mzima. Unajua lolote?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikuwa nimelala."

"Nionyeshe mikono."

Nikanyoosha. Kwenye kidole gumba, chini ya ukucha, kilinata kipande cheusi, kimenyooka, chenye gundi.

"Hiki nini?"

Nikakitazama kwa makini, kama mtu anayekiona mara ya kwanza.

"Ni I, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa nimelala, tena fofofo. Na ni mimi."