Maua Shufwa kwa Rodica

Kitu cha kwanza Zamfira alichokiona alipoingia kazini, kwenye duka la maua, ni utepe mweusi. Ulikuwa umeshapigwa pasi na kuning'inizwa kwenye msumari, ilhali kengele ya kanisa haikuwa imelia na mjini Lunca hakukuwa na msiba.

"Wa nani huo, Mama Oltea?"

"Wa Rodica, mke wa Sandu." Mwenye duka alikuwa anakata mashina ya mawaridi meupe. "Ofisi ya mgodi imepiga simu. Wanataka yafike leo hii hii."

"Kwani Sandu amekufa?"

"Bado. Saa nane mchana."

Mambo yalikuwa hivyo tangu theluji ya kwanza. Karani wa mgodi alisema yeye hupiga simu alasiri, baada ya ajali, na hakuwa mwongo. Ila dukani simu hiyo ililia asubuhi. Kila dari ya handaki ilipoporomoka mchana, maua yalikuwa yameshafika, mabichi, kama duka lilivyoahidi kwenye kioo chake. Mjane mmoja aliwahi kuuliza imekuwaje maua yatangulie habari. Aliambiwa ofisi ina utaratibu mzuri. Mwingine alikimbilia getini kumwita mumewe, akaambiwa zamu haisimamishwi kwa ajili ya maua. Watu walizoea. Posta ya Lunca huchelewa wiki nzima, kwa hiyo kitu kinachowahi kiliheshimiwa.

Zamfira alihesabu maua: kumi na mawili. Huku Lunca aliye hai hupewa maua ya idadi witiri na maiti hupewa shufwa, na hata mtoto mdogo hakosei hapo. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la tano, na mpaka leo akisemeshwa na watu wawili kwa pamoja hupotewa na maneno. Lakini Rodica ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Alichomoa waridi moja kwenye ndoo, akalichomeka katikati ya mengine, akaondoka na baiskeli.

Darajani ua lile lilijichomoa, likaanguka. Akalirudisha. Mbele ya duka la mikate likaanguka tena. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa nje waliona.

"Wee Zamfira! Unamwaga mali ya marehemu!"

"Liache, binti, lenyewe halitaki!"

"Au anamwokotea mchumba, mwacheni!"

Uso ulimwaka moto. Aliling'ata shina kwa meno, miiba na yote, akakanyaga pedali.

Rodica alikuwa jikoni akiviringisha nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi, sufuria ya kwanza ikiwa tayari motoni. Aliona utepe, akahesabu, akavuta kiti.

"Basi leo zamu yangu."

"Hesabu tena, dada." Zamfira alitoa ua mdomoni, akalisukuma ndani ya shada.

"Kumi na matatu," Rodica akasema. "Mdomo wako unatoka damu."

"Uache utoke. Lishike, linatoroka."

Walilishika wote wawili. Lilifurukuta kama kuku anayejua kisu kiko wapi. Kabichi iliungua na hakuna aliyeinuka. Ilipofika saa nane sahani zilitikisika kabatini, king'ora kikalia, na ua likatulia.

Sandu alirudi jua likiwa bado lipo, mwili mzima kijivu kwa vumbi. Alisema dari yote imeporomoka isipokuwa pale aliposimama, akanawa, akauliza ni nani aliyeunguza chakula.

Asubuhi iliyofuata mkurugenzi wa mgodi, bwana Negrea, aliingia dukani na kofia yake kichwani.

"Tuliagiza kumi na mawili, mmepeleka kumi na matatu," alisema. "Mnatuharibia jina."

"Na zile nguzo mbovu za handaki, bwana mkurugenzi?" Mama Oltea aliuliza. "Si ziliwekwa enzi za babu yake Sandu?"

"Jana hakufa mtu. Nguzo za nini sasa?"

Simu ikalia. Mama Oltea alisikiliza, akaiweka chini, akavuta utepe mweusi kutoka kwenye bunda.

"Mke wa Ilie, kule juu karibu na kanisa. Saa nane."

Nje, zamu ya asubuhi ilikuwa inapita kuelekea mgodini, wanaume wakitaniana na kupigana makofi mgongoni. Bwana Negrea aliwatazama kupitia kioo.

"Safari hii hesabuni vizuri," alisema.

Zamfira alikuwa ameinama kwenye ndoo akichagua waridi lenye shina nene. Alisimama nalo mkononi. Majira yote ya baridi alikuwa akiyameza maneno haya kila asubuhi, na sasa yalitoka bila kutetemeka.

"Mnajua ni nani na mnajua ni saa ngapi, halafu mnanunua maua. Haya. Mke wa Ilie nampelekea kumi na matatu, na kesho atakayefuata hivyo hivyo, meno ninayo. Ila siku simu ikilia kwa ajili yako, bwana mkurugenzi, mkeo nitampelekea kumi na mawili, na sitaongeza hata moja."