Mtoto wa Kuruka

Joelle Stauffer alitoka kwenye mkutano wa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, mjini Harrisburg, akiwa na imani mpya. Mhadhiri mmoja alikuwa amewaeleza kwamba kila mtoto ana mlango wake wa kuingizia elimu: macho, masikio, au mwili. Mzazi anayegonga mlango usio wenyewe atagonga mpaka azeeke. Palikuwa na maswali ya kumtambua mtoto ni wa mlango upi, na Joelle aliyajibu yote garini, watoto wake wawili wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Walipofika nyumbani, Tabitha wa miaka saba alikuwa mtoto wa macho, na kaka yake Wendell, wa miaka kumi, mtoto wa mwili. Wao wenyewe hawakuulizwa. Ushahidi dhidi ya Wendell ulikuwa kwamba hajawahi kumaliza chakula cha jioni bila kuanguka kutoka kitini.

Tabitha akapewa kalamu za rangi na chati za ukutani. Wendell akapewa trampolini, kile kitambaa cha springi cha kurukia, akawa anazidisha namba nyuma ya nyumba: mruko mmoja, jibu moja. Theluji ilipoanguka, trampolini ndogo iliingizwa sebuleni. Majibu yake yalikuwa sahihi, na Joelle alichukua hilo kuwa uthibitisho. Kwa kuwa hakuwahi kumuuliza akiwa ameketi, hakuwa na kitu cha kulinganisha.

Mumewe, Dale, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa, aliona mengi ya kuchekesha.

"Mama Wendell, huyu akikua aende benki, watamtandikia trampolini pale dirishani?"

"Cheka tu. Wewe ulisoma umeketi, na saba mara nane mpaka leo unabahatisha."

"Hamsini na sita."

"Umehesabu kwa vidole. Nimekuona."

Lakini chini ya utani palikuwa na makubaliano. Sheria ya jimbo lao la Pennsylvania inataka kila mwisho wa mwaka mwalimu mwenye cheti azungumze na mtoto na kuandika kama ameelimika ipasavyo. Dale alikuwa amesema, bila kucheka, kwamba mwalimu huyo asiporidhika na hesabu za Wendell, basi la njano la shule litamchukua mtoto mwezi wa Agosti. Joelle alikubali. Wakati huo alidhani watakwenda kwa mwalimu yule wa kila mwaka, mama mwenye uwanja mkubwa nyuma ya nyumba.

Mama yule akahamia Ohio. Aliyepatikana ni Mwalimu Lorene Umholtz, mstaafu, anayekaa ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Joelle alimpigia simu kuuliza kama anaweza kuja na trampolini ndogo. Mwalimu aliuliza ni ya nini, akaambiwa ni ya hesabu. Akasema sakafu yake ni ya mbao, na wa chini wameshalalamikia paka.

Basi Joelle akampa mwanawe maelekezo: akae, ila visigino vipigepige chini ya meza, polepole.

Siku ya siku Mwalimu Umholtz alifungua jalada la kazi za mwaka, akasoma kurasa zote bila haraka, kisha akamuuliza Wendell kumi na mbili mara saba. Visigino vikaanza. Vikombe vikatetemeka, chai ikamwagika kwenye visahani.

"Mjukuu wangu, kiti kina siafu?"

"Hapana, bibi."

Joelle akaeleza kwa kirefu kwamba Wendell ni mtoto wa mwili. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba aende jikoni akakate pai ya molasi. Joelle alikwenda, akaacha mlango wazi kidogo, na hakukata chochote.

"Themanini na nne," Wendell alisema. Vikombe havikulia.

"Robo tatu na thuluthi mbili, ipi kubwa?"

"Robo tatu. Zote zimepungukiwa kipande kimoja zifike nzima, na robo ni kipande kidogo kuliko thuluthi."

"Na kuruka ni kwa ajili ya nini?"

Wendell alifikiri. "Ni kwa ajili ya mama. Yeye ni mtu wa macho, bibi. Nikikaa kimya haoni kama najifunza, anapata wasiwasi. Nikiruka anaona."

"Hesabu zenyewe unajifunzia wapi?"

"Chumbani kwa Tabitha. Ana chati nzuri. Nikishashika ndiyo naenda kuruka."

"Na Tabitha?"

"Tabitha huruka sana. Hesabu bado."

Joelle alirudi na pai aliyoikata harakaharaka, vibaya. Mwalimu Umholtz alikuwa ameshaandika kwamba mtoto ameelimika ipasavyo. Alimwambia Joelle kwamba kijana anazijua hesabu na anamjua mwalimu wake wa nyumbani, na kwamba ni lile la kwanza tu analotakiwa kuliandikia.

Jioni Dale aliuliza habari za basi la njano. Joelle akamwambia halimhusu mtu hapa. Dale akauliza kama mtoto aliruka.

"Alikaa kama wewe ukiwa kanisani."

"Yaani alilala?"

Joelle alicheka, kisha akamsimulia yote.

Asubuhi Joelle aliketi mbele ya Wendell, akamuuliza mwenyewe, kwa mara ya kwanza, anataka kujifunza vipi kugawanya namba ndefu.

"Nipe ukurasa, halafu niache. Nikimaliza uniulize."

"Nitajuaje kama unajifunza?"

"Si utaniuliza, mama."

Akamwachia ukurasa. Alikwenda jikoni, akampa mgongo, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.